Umekiri kosa kortini, sasa unataka kurudi nyuma: huduma za rufaa Mtwara na Lindi, ipi inafaa na ipi inakula hela

Ndugu wa wafungwa wanaoingia Mtwara mjini kutafuta wakili wa rufaa huja na kauli moja: "Wakili wa mwanzo alimwambia akiri, eti atapigwa faini atoke." Yawezekana ni kweli tupu. Lakini ukiipeleka Mahakama Kuu ikiwa uchi hivyo, ni sababu ya rufaa isiyo na miguu. Kesi ya mtu aliyekiri huamuliwa na kurasa mbili tatu za mwenendo wa shauri: hakimu alimsomea nini, mshtakiwa akajibu nini kwa maneno yake mwenyewe, mwendesha mashtaka akaeleza nini baada ya hapo, na mshtakiwa akasema nini tena.

Kwa hiyo tathmini hii ina kipimo kimoja. Huduma nzuri ni ile inayozileta kurasa hizo mezani mapema na kuzikabidhi kwa mtu anayejua anachokitafuta ndani yake. Milango tuliyopima ni mitano: masjala ya mahakama, ofisi ya gereza, wasaidizi wa kisheria, mawakili wa kulipwa, na hukumu za bure mtandaoni kupitia TanzLII. Kabla ya kuiingia, lazima mnunuzi ajue bidhaa yenyewe ni nini.

Bidhaa yenyewe

Kifungu cha 360(1) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kinasema aliyekiri kosa katika mahakama ya chini na kutiwa hatiani kwa kukiri huko hana rufaa, isipokuwa kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu. (Namba za vifungu humu ni za Toleo la 2022, na kifungu kisichotajiwa sheria yake ni cha Sura hii ya 20. Anayeandika hati azilinganishe na toleo linalotumika siku anapoiwasilisha.) Aliyekiri Mahakama ya Mwanzo naye ana zuio la namna hiyo hiyo chini ya kifungu cha 20 cha Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, na rufaa yake huenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30.

Ukuta huo una matundu manne, na wanasheria huyaita kwa jina la kesi moja tu, Laurent Mpinga, iliyoripotiwa katika Tanzania Law Reports ya 1983, ukurasa wa 166. La kwanza: hata ukiyachukua maelezo aliyoyakubali mshtakiwa, kukiri kwenyewe kulikuwa na kasoro, utata, au hakukukamilika. La pili: alikiri kwa kukosea au kwa kutoelewa. La tatu: alichosomewa si kosa linalojulikana kisheria. La nne: kwa maelezo yale aliyoyakubali, sheria isingeruhusu atiwe hatiani kwa kosa hilo. Mtu akikuuzia sababu ya rufaa isiyoingia katika tundu lolote kati ya hayo, wala haihusu adhabu, anakuuzia karatasi.

Na karatasi ya namba moja inayouzwa ni hii: "Upande wa mashtaka haukuthibitisha kosa bila kuacha shaka." Sababu hiyo ni ya mtu aliyekana, mashahidi wakaitwa. Kwa aliyekiri hakukuwa na mashahidi wa kupimwa. Inapita kutoka hati ya mfungwa mmoja hadi ya mwingine kama dawa ya malaria inayopewa kila mwenye homa.

Namna ya kuusoma mwenendo

Hapa ndipo thamani yote ilipo, kwa hiyo tukae kidogo.

Hatua za kuchukua jibu la mshtakiwa zilipangwa zamani na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika kesi ya Adan ya 1973 (East Africa Law Reports, ukurasa wa 445), na bado ndizo zinazofuatwa. Shtaka na viungo vyake vyote visomwe na kuelezwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Maneno yake yaandikwe kama alivyoyatamka, kadiri iwezekanavyo. Akikiri, mwendesha mashtaka aeleze mambo yalivyotokea. Mshtakiwa apewe nafasi ya kuyakubali, kuyapinga au kuongeza neno. Akipinga kitu cha msingi, kukiri kunafutwa na kunaandikwa kwamba amekana. Asipopinga, ndipo anatiwa hatiani na suala la adhabu linafuata. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeliweka jambo hilo kwa kirefu zaidi, kwa masharti sita, katika Rufaa ya Jinai Na. 399 ya 2019. Wakili wa rufaa za namna hii asiyeifahamu namba hiyo atafute kazi nyingine ya kukufanyia.

Sasa chukua kalamu nyekundu, upitie mwenendo ukitafuta haya.

Jibu la mshtakiwa limeandikwaje? Likiwa ni "Ni kweli" basi, lipigie mstari. Katika Rufaa ya Jinai Na. 269 ya 2011, Mahakama ya Rufani ilisema ni bora anayekiri aseme zaidi ya hayo, na hakimu amtake aeleze kwa maneno yake kwa nini anakiri, hasa kosa likiwa zito. "Ni kweli" peke yake haivunji kila kesi. Kama maelezo ya kosa yaliyofuata ni kamili na mshtakiwa akayakubali kipengele kwa kipengele, Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, itasimama nayo. Ila "Ni kweli" ikifuatwa na maelezo mepesi, hapo pana mwanya.

Maelezo ya kosa yanasema nini kuliko hati ya mashtaka? Kasoro ya kawaida ni mwendesha mashtaka kurudia hati ya mashtaka neno kwa neno, akabadilisha tarehe mwanzoni na jina mwishoni. Maelezo yanatakiwa yaonyeshe kila kiungo cha kosa. Wizi hauishii kwenye kuchukua: chini ya kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu lazima kuwe na nia ya udanganyifu, na kifungu cha 9 cha Kanuni hiyo kinamlinda anayedai mali kwa kuamini kwa dhati kuwa ni haki yake. Mfano wa huku kwetu: mtu anasomewa wizi wa korosho, anajibu, "Ni kweli nilichukua magunia mawili, lakini yametoka shamba aliloacha baba." Huyo hajakiri wizi. Amekiri kubeba magunia. Hakimu alitakiwa aandike kwamba amekana.

Baada ya maelezo, aliulizwa? Wakati mwingine mwenendo unaruka kutoka maelezo ya mwendesha mashtaka moja kwa moja hadi kutiwa hatiani. Wakati mwingine jibu lipo lakini linasema "baadhi ni kweli". Yote mawili ni mali.

Mashtaka yalikuwa mangapi, na majibu mangapi? Kila shtaka linahitaji jibu lake. Mashtaka matatu kwa jibu moja ni kasoro ambayo macho yaliyozoea huiona kwa dakika moja.

Lugha. Mahakama zetu tangu 2021 zinaendesha mambo kwa Kiswahili kwa mujibu wa sheria, lakini pembezoni mwa mto Ruvuma bado wapo wanaofikishwa kortini wakiwa wanaelewa Kimakonde au Kireno tu, hasa katika kesi za uhamiaji. Kama mwenendo hauonyeshi mkalimani, wala hauonyeshi kwamba mshtakiwa aliulizwa anaelewa lugha gani, liandikwe. Lakini usizushe: mfungwa aliyejibu kwa sentensi tatu za Kiswahili safi kisha akadai hajui Kiswahili anajiharibia hata sababu zake nzuri.

Maombi ya kupunguziwa adhabu. Wengi hawasomi kurasa hizo kwa kuwa hatia imeshapita. Makosa. Mshtakiwa aliyekiri kukutwa na bangi akasema wakati wa kuomba huruma, "Naomba nisamehewe, mzigo nilipewa na abiria, sikujua kilichomo," amekipinga kiungo cha kosa. Kukiri kwake kumeshaingia utata, na hakimu alikuwa bado na nafasi ya kurudi nyuma.

Na tarehe. Hili ni la kesi za uhujumu uchumi, ambazo kwa Liwale na vijiji vinavyopakana na mapori ya hifadhi huwa ni kukutwa na nyara za Serikali chini ya kifungu cha 86 cha Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Adhabu zake huhesabiwa kwa miaka 20 na kuendelea. Mahakama ya wilaya haina mamlaka ya kuzaliwa nayo juu ya kosa la uhujumu uchumi. Inayapata kwa hati mbili za Mkurugenzi wa Mashtaka au aliyekasimiwa: kibali cha kumshtaki mtu (kifungu cha 26 cha Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200) na hati ya kuipa mahakama mamlaka (kifungu cha 12 cha sheria hiyo hiyo). Linganisha tarehe zilipopokelewa kortini na tarehe mshtakiwa alipokiri. Kama alikiri kabla hazijapokelewa, alikiri mbele ya mahakama isiyo na mamlaka, na hapo hata utamu wa kukiri kwake hauokoi kitu. Tazama pia kama hati hizo zinataja vifungu vile vile alivyoshtakiwa navyo.

"Wakili wangu alikuwa mbovu": inauzika?

Wanaosoma mambo ya Marekani mtandaoni huja na Strickland dhidi ya Washington ya 1984, na Hill dhidi ya Lockhart ya 1985 iliyoupeleka msimamo ule kwa waliokiri kosa. Kule, uzembe wa wakili ni sababu inayojitegemea yenye kipimo chake: kwamba wakili alifanya kazi chini ya kiwango, na kwamba kama si uzembe huo, kuna uwezekano wa kweli kuwa mshtakiwa asingekiri, angedai kesi isikilizwe. Kipimo hicho ni kizuri kujifunzia, maana kinakulazimisha kujibu swali la pili, ambalo ndilo gumu. Ila hapa hukipeleki kortini kama kilivyo. Sheria yetu haina mlango wenye kibao cha "wakili mzembe". Unapita kwenye tundu la pili la Laurent Mpinga, kutoelewa, ukiegemea haki ya kusikilizwa kikamilifu iliyo katika Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba.

Ili malalamiko hayo yapate miguu, lazima yageuzwe kuwa mambo yanayoshikika. Wakili alisema maneno gani? Siku gani, mahali gani, nani alisikia? Mfungwa alielewa nini ambacho hakikuwa kweli: kwamba kosa lina faini wakati sheria imeweka kifungo tu, au kwamba anakiri kosa dogo kumbe hati ni ya kubwa? Angejua ukweli, angejibu nini, na ana utetezi gani? Asiye na jibu la swali hilo la mwisho hana rufaa, ana majuto.

Kisha ushahidi. Maneno ya chobingo kati ya wakili na mteja hayamo katika mwenendo, na Mahakama Kuu haisikilizi hadithi ya mdomoni. Unahitaji hati ya kiapo ya mfungwa, ya ndugu aliyekuwepo, na ikibidi ombi la ushahidi wa ziada chini ya kifungu cha 369. Zipo pia alama za nje zinazosaidia: mwenendo unaoonyesha wakili aliingia kwenye kesi asubuhi ile ile mteja aliyokiri, bila kuomba hata ahirisho, wakili mmoja kuwatetea washtakiwa wawili ambao kila mmoja anamtupia mwenzake mzigo, daftari la wageni la gereza kutoonyesha wakili kufika hata mara moja. Na kumbuka kwamba kukiri hutoka kinywani mwa mshtakiwa. Kama mwenendo unaonyesha wakili ndiye aliyejibu "mteja wangu anakiri", hilo si suala la uzembe tena. Ni kasoro ya kukiri kwenyewe, na ina nguvu kuliko malalamiko yote ya faragha.

Wengine hukimbilia kumshtaki wakili wa zamani Kamati ya Mawakili, iliyo chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341. Ni haki yao, na kanuni za maadili ya mawakili za 2018 zinambana wakili aliyemdanganya mteja. Lakini kamati hiyo humwadhibu wakili, haimtoi mtu gerezani. Fanya yote mawili ukitaka, ila usiache siku za rufaa zipite ukisubiri kamati.

Siku zenyewe: notisi ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10 tangu adhabu, na hati ya rufaa ndani ya siku 45, ukitoa muda uliotumika kupata nakala za mwenendo na hukumu (kifungu cha 361). Siku hizo hazisubiri mnada wa korosho. Zikipita, unaomba kuongezewa muda chini ya kifungu cha 361(2), na hapo neno "wakili alinichelewesha" linapokelewa kwa shingo upande. Mahakama hutaka maelezo ya kila siku iliyochelewa. Kilicho na nguvu zaidi katika ombi la muda ni kuonyesha kwamba kukiri kwenyewe kuna ubatili unaoonekana wazi katika mwenendo, kama ile kasoro ya kibali. Na njia ya mkato ya kuomba mapitio badala ya rufaa ina kizuizi chake: kifungu cha 373 hakimruhusu aliyekuwa na haki ya rufaa akaiacha, aje na mapitio kwa ombi lake.

Milango mitano

Masjala ya mahakama iliyomhukumu. Tunaipa nane kati ya kumi, kwa sababu ndiyo kiwanda cha karatasi tunayoihitaji, na kwa mfungwa anayekata rufaa ya jinai haina gharama ya kutisha. Barua ya kuomba nakala iandikwe siku ile ile au kesho yake, ikitaja namba ya kesi na mwaka, majina ya mshtakiwa kama yalivyo kwenye hati ya mashtaka, jina la hakimu, tarehe ya adhabu na gereza alikopelekwa. Peleka nakala mbili. Moja irudi na muhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe, uitunze kama hati ya kiwanja, kwa sababu ndiyo itakayothibitisha siku za kukatwa kwenye zile 45. Kinachoharibika: faili halisi likishaitwa Mtwara, ngazi ya wilaya haina tena cha kuchapa, ukurasa unarukwa katika kuchapa, au jibu la mshtakiwa linachapwa kwa ufupi kuliko lilivyoandikwa kwa mkono. Ukihisi hivyo, omba kwa barua nakala ilinganishwe na mwandiko wa hakimu. Usigombane na karani dirishani.

Ofisi ya gereza. Saba. Kifungu cha 363 kinamruhusu mfungwa kukabidhi notisi na hati ya rufaa kwa mkuu wa gereza, naye azifikishe mahakamani. Iwe Lilungu au gereza la wilaya, mlango huu ndio wa haraka kwa notisi ya siku 10. Mfungwa anasema tu, "Afande, nataka kukata rufaa," anaandikiwa, anaweka sahihi au dole gumba. Aombe tarehe iandikwe mbele yake. Udhaifu wake ni sababu za rufaa: hapo ndipo ile karatasi ya "bila kuacha shaka" inapozaliwa. Tumia gereza kwa notisi, kisha sababu zenyewe ziandikwe na aliyeusoma mwenendo. Sababu za nyongeza zinaweza kuombwa baadaye, kabla rufaa haijasikilizwa.

Wasaidizi wa kisheria. Sita, na si kwa ubaya. Sheria ya Msaada wa Kisheria Na. 1 ya 2017 inawatambua, na huduma yao ni bure. Anayekudai hela kwa jina hilo ana mambo yake. Hawasimami kortini kukutetea, wala wengi wao hawajapita kwenye sheria ya kukiri kosa. Lakini kwa familia iliyoko Nanyumbu au Kilwa isiyojua barua inaanzia wapi, ndio wanaojua ofisi gani ina mlango gani. Wape kazi ya barua na ufuatiliaji. Kwa hoja zenyewe, waombe wakuelekeze kwa shirika la msaada wa kisheria lenye wakili, au mfungwa aombe mahakamani apewe wakili kwa kutojiweza: kifungu cha 33 cha sheria hiyo kinampa jaji au hakimu uwezo huo haki ikidai hivyo.

Mawakili wa kulipwa. Hapa alama ni kati ya mbili na tisa, ndiyo maana tunaeleza kwa urefu. Tofauti haiko kwenye suti wala kwenye ofisi yenye kiyoyozi. Mpime kwa swali moja la mwanzo: "Wakili, mwenendo umeshausoma?" Anayejibu, "Usijali mama, hiyo kesi nyepesi, lete nusu ya hela tuanze," umempima tayari. Anayejibu, "Siwezi kusema neno mpaka niuone," kaa kwenye kiti.

Malipo yagawe mara tatu. Ya kwanza ni ya kusoma mwenendo na kukupa maoni kwa maandishi, ukurasa mmoja au miwili: lipo tundu lipi, au halipo. Maoni hayo uyalipie peke yake, na uwe tayari kusikia "hakuna rufaa hapa". Ushauri huo ndio unaookoa gunia zako za korosho. Ya pili ni ya kuandika hati ya rufaa, na ombi la muda likihitajika. Ya tatu ni ya kusimama mbele ya jaji. Makubaliano yaandikwe, na risiti itolewe. Anayetaka yote kwa mkupuo kabla hajaona hata namba ya kesi anataka mtaji, si kazi.

Thibitisha kwamba ni wakili kweli na cheti chake cha mwaka huu ni hai. Orodha iko wazi katika mfumo wa Mahakama wa eWakili. Vishoka wapo, na wanapenda kukaa karibu na mahakama wakiwa na bahasha za kaki. Asiwe pia wa ofisi moja na yule wa mwanzo, maana hati ya kiapo itamtaja mwenzake. Suala la umbali nalo ni hela: Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara ndiyo inayohudumia mikoa yote miwili, na wakili wa Masasi ana safari ya kilomita zipatazo 200 kufika, ambayo utailipia kila kesi inapoahirishwa. Tunapendekeza karatasi zikusanywe na mtu wa pale kesi ilipoanzia, hoja zisemwe na wakili aliye Mtwara mjini.

TanzLII. Tisa. Ni bure, na hukumu za Mahakama Kuu Mtwara pamoja na za Mahakama ya Rufani zinapatikana. Tafuta kwa namba ya rufaa na mwaka, kama zile tulizotaja. Kasoro yake ni kwamba hukumu nyingi bado ni za Kiingereza, na msomaji asiye mwanasheria huokota sentensi tamu akaacha mwisho wa hukumu ambako rufaa ilitupwa. Soma kuanzia amri ya mwisho, kisha urudi juu.

Waliokiri kwa makubaliano

Hawa ni kundi jingine. Tangu Sheria Na. 11 ya 2019, mshtakiwa anaweza kukubaliana na Jamhuri akiri kosa dogo au apunguziwe mashtaka (vifungu vya 194A hadi 194H). Makubaliano huandikwa na kutiwa sahihi, na mahakama hutakiwa kumhoji mshtakiwa mwenyewe kama amekubali kwa hiari na anajua anaachia haki gani. Kuyavunja kuna njia yake: ombi katika mahakama ile ile iliyotoa adhabu, chini ya kifungu cha 194G, ukionyesha kwamba hukukubali kwa hiari au ulipotoshwa. Wakili anayekuandikia rufaa ya kawaida juu ya makubaliano bila kuyataja hajasoma faili. Na jua unachofungua: makubaliano yakifa, mashtaka makubwa yaliyoondolewa yanaweza kurudi.

Ukishinda, unapata nini

Mara nyingi hupati uhuru siku hiyo. Kukiri kukionekana kuwa na utata, Mahakama Kuu hufuta hatia na adhabu, na kwa kawaida huamuru shtaka lisomwe upya, mbele ya hakimu mwingine. Inaweza pia kumwachia, hasa akiwa ameshatumikia sehemu kubwa ya kifungo au hati ya mashtaka yenyewe ikiwa mbovu. Upande wa pili upo: mahakama ya rufaa ina uwezo wa kuongeza adhabu, baada ya kumpa mfungwa nafasi ya kusema. Aliyepewa mwaka mmoja kwa kosa ambalo sheria imeweka miaka mitano kwenda mbele afikirie mara mbili kabla ya kuliamsha faili.

Rufaa ya adhabu tu watu huidharau, na sivyo. Haizuiwi na kifungu cha 360. Kijana wa miaka 18 au chini yake aliyekiri kubaka, kosa lake la kwanza, akapewa miaka 30, ana hoja katika kifungu cha 131(2)(a) cha Kanuni ya Adhabu, kinachotaja viboko tu; tafuta cheti cha kuzaliwa kabla ya kitu kingine. Hakimu aliyevuka uwezo wake chini ya kifungu cha 170 naye anarekebishwa hapo hapo.

Faili likirudi Liwale au Newala kwa amri ya kusoma shtaka upya, swali atakaloulizwa mshtakiwa ni lile lile la mwanzo. Hivyo kazi ya mwisho ya wakili wa rufaa, ambayo ni vizuri iwekwe kwenye makubaliano ya malipo tangu siku ya kwanza, ni kukaa naye gerezani kabla ya tarehe hiyo na hati ya mashtaka mkononi, wapitie kiungo kimoja kimoja, ajue anakana nini na kwa nini.